Siku tano za barabara ya Tunduma: kuifuata hela ya simu

Siku ya kwanza: Kariakoo – Morogoro

Noti kubwa kuliko zote Tanzania ni ya shilingi 10,000. Mnunuzi wa vitunguu anayetoka Kariakoo na milioni 6 anahitaji noti 600, yaani mabunda sita, na hapo ni kama amebahatika kupewa noti kubwa tupu. Zamani mabunda hayo yalikaa kibindoni, kwenye mkanda wa kitambaa ulioshonewa mifuko, au chini ya kiti cha dereva wa Fuso. Mama wa sokoni alizifunga kwenye ncha ya kanga na kukaa macho mpaka Iringa. Leo milioni 6 zile ziko kwenye laini ya simu. Barabara ni ile ile ya TANZAM, takribani kilomita 930 hadi mpaka wa Zambia, na hakuna mahali pazuri kuliko hapa pa kuona hela ya simu inavyotembea na inapokwama.

Kazi kubwa ya siku ya kwanza hufanyika kabla gari halijawashwa.

Kwanza, laini yenyewe. Usajili wa alama za vidole ulianza 2019 na kikomo chake kikawa Januari 20, 2020. Tangu hapo laini inafuata namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Anayefanya biashara kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji anajitafutia balaa: simu ikidondoka Mikumi, kuirudisha laini kunataka kidole cha shemeji, na shemeji yuko Tandahimba. Bonyeza *106# uhakiki usajili wa laini kabla ya kuondoka, siyo baada ya kuibiwa.

Pili, kugawanya. Kila mtandao una kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kutoka kwa siku, kulingana na ngazi ya usajili wa mteja. Milioni 6 kwenye laini moja inaweza kuwepo na isitoke. Wazoefu huiweka kwenye mitandao miwili au mitatu, na inayobaki wanaiacha benki ili waivute kwa simu wakiwa njiani. Faida nyingine ya kugawanya ni kwamba mtandao mmoja ukilala, mwingine unaamka.

Tatu, kuingiza. Kuweka pesa kwa wakala mteja hakatwi kitu; kuivuta kutoka benki kuna makato. Kwa hiyo wengi hupeleka keshi kwa wakala wa Kariakoo jioni, wakati maduka yote yanayomzunguka nayo yanapeleka mauzo ya siku. Jibu wanalolikuta ni "floti imeisha," yaani salio la simu la wakala limekwisha. Nenda saa 3 asubuhi, siku moja kabla ya safari, wakala akiwa ametoka kuijaza.

Swali linaloulizwa kila mara ni hela ile inakaa wapi. Haikai kwenye simu, wala si ya kampuni ya simu. Kila shilingi inayoonekana kwenye salio lazima iwe na shilingi mwenzake kwenye akaunti ya amana benki, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 ndiyo iliyoliweka jambo hilo kwenye maandishi. Akaunti hizo zinazaa faida. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilikuwa ya kwanza duniani kugawia wateja faida hiyo, jambo ambalo wengi waliopokea vijisenti vile waliona ni ofa ya promosheni.

Gari linaondoka saa 11 alfajiri. Kibaha, halafu mizani ya Vigwaza. Gari likizidi uzito, faini hailipwi dirishani kwa noti: inatolewa kontrol namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99, na dereva anailipa kwa simu akiwa amesimama pale pale. Mfumo huo wa malipo ya serikali ulianza 2017 na sasa umeshika kila kitu, kuanzia ada ya leseni mpaka faini ya trafiki ya shilingi 30,000. Kosa linalorudiwa na madereva ni kuingia kwenye "tuma pesa" badala ya "lipa bili". Kosa la pili ni kulipa pungufu: namba nyingi hutaka kiasi kamili, na mia moja ikikosekana malipo yanakataliwa.

Morogoro, takribani kilomita 190 kutoka Dar. Mafuta yanalipwa kwa lipa namba. Mhudumu wa pampu haangalii meseji ya mteja hata ukimsogezea simu puani. Anasubiri ya kwake iingie. Ana sababu, na sababu yenyewe inaonekana vizuri kesho.

Siku ya pili: Morogoro – Mikumi – Ruaha Mbuyuni

Kilomita takribani 120 hadi mji wa Mikumi, karibu 50 zikiwa ndani ya hifadhi, mwendo wa taratibu na matuta yasiyokwisha. Baada ya Mikumi barabara inaingia kwenye bonde la mibuyu, joto linapanda, na kando ya lami vinaanza kuonekana vitunguu vimepangwa kwenye magunia ya wavu. Ndiyo Ruaha Mbuyuni.

Hapa milioni 6 zinavunjwa. Sehemu kubwa inakwenda kwa wakulima, nyingine kwa dalali, kwa wanaochambua na kukata mikia, kwa wanaojaza magunia, kwa wapakiaji, kwa ushuru. Mkulima wa gunia 30 hulipwa kwa simu bila ubishi. Mpakiaji wa elfu nane hataki simu, na yuko sahihi: akitumiwa elfu nane, kutoa kwake kunakatwa, na anayemtumia naye anakatwa. Ndiyo maana msemo wa biashara nzima ni "tuma na ya kutolea". Anayetuma laki moja kavu, bila ya kutolea, anaonekana kama mtu aliyekuja ugenini mikono mitupu.

Kwa hiyo mnunuzi aliyekuja bila noti hata moja, saa 4 asubuhi anahitaji laki saba taslimu za vibarua. Anakwenda kwa wakala.

Kibanda chenyewe ni mwavuli, meza, kiti cha plastiki, na vitochi vinne, zile simu ndogo za vitufe, kila kimoja kimefungwa raba ya rangi yake ili mkono usikosee mtandao. Kuna kaunta buku yenye safu za tarehe, jina, namba, kiasi, namba ya muamala na sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, kwa maana kalamu isiyofungwa haifiki saa 6.

"Shikamoo mama. Natoa laki saba."

"Marahaba mwanangu. Keshi imeniishia, nina laki na nusu tu. Toa hiyo, nyingine subiri kondakta wa Iringa apite aweke."

Hapo ndipo penye siri ya biashara nzima, na inafaa kuihesabu. Tuseme mtaji wa wakala ni milioni 2. Asubuhi anazo keshi 1,000,000, na floti 1,000,000 iliyogawanyika kwenye laini nne, 250,000 kila moja. Mteja akiweka, keshi inapanda na floti inashuka. Mteja akitoa, floti inapanda na keshi inashuka. Jumla haibadiliki, kinachobadilika ni umbo la hela. Siku ya soko la vitunguu wanunuzi wanatuma, wakulima wanatoa, tena wanatoa, na ikifika saa 6 mchana keshi imebaki 150,000 na floti imekuwa 1,850,000. Wakala ana mtaji wake wote, hajapoteza shilingi, na hawezi kumhudumia anayetaka kutoa laki saba.

Kariakoo ni kinyume: kule kila mtu anaweka, floti inakauka huku droo ya keshi imejaa. Mjini panaishiwa floti, shambani panaishiwa keshi. Pesa ya simu inapanda kutoka mjini kwenda shamba kwa sekunde, lakini noti za kuipokelea lazima zisafirishwe na mtu. Mzigo uliotoka kibindoni mwa mnunuzi haukupotea. Umehamia kwa mama wa mwavuli.

Njia zake za kupata keshi ni hizi, na anazitumia kwa mpangilio huo. Kwanza, kuwinda wanaotaka kuweka: kondakta wa basi, mwenye duka la jumla, mwenye baa. Wakala mjanja anajua basi gani linapita saa ngapi, na kondakta yupi hapendi kulala na mauzo. Pili, wakala wa benki au wakala mkuu aliye jirani: anamtumia floti, anapewa noti. Tatu, bodaboda hadi tawi la benki, nauli yake mwenyewe, saa kadhaa kibanda kimefungwa, na noti ndani ya mfuko wa unga ili zisijulikane. Hiyo njia ya tatu ndiyo inayokula faida, na ndiyo inayowaua mawakala, wakati mwingine kwa maana halisi ya neno.

Tatizo jingine ni laini nne. Kanuni za pesa za kielektroniki za 2015 hazimfungi wakala kwa mtandao mmoja, jambo jema kwa mteja, ila floti ya mtandao mmoja haihudumii mwingine mpaka uihamishe kwa gharama. Milioni 2 zikikatwa vipande vitano, keshi na laini nne, kila kipande ni kidogo. Anayetaka kuanza uwakala na laki tano kwa laini zote nne atakuwa anawaambia watu "imeisha" tangu saa 2 asubuhi, na mteja akiambiwa hivyo mara mbili harudi.

Makosa ya kila siku ni haya. La kwanza ni namba moja kukosewa wakati wa kuweka: mteja anaitamka namba, bodaboda inapita, wakala anabonyeza 7 badala ya 1. Kinga ni kusoma jina linalojitokeza kabla ya kuingiza namba ya siri, na kumwuliza mteja "jina nani?" badala ya kumwuliza "ni wewe fulani?", maana swali la pili kila mtu huitikia ndiyo. Hela ikishaenda, piga 100 hapo hapo ukiwa na namba ya muamala. Kampuni inaweza kuizuia kama aliyeipokea hajaitoa. Kubembelezana na aliyepokea kabla ya kupiga 100 ni kumpa muda wa kuitoa.

La pili ni meseji ya kughushi. Inaandikwa kama ya kampuni neno kwa neno, pamoja na salio jipya, lakini imetoka kwenye namba ya kawaida badala ya jina la huduma. Wakala mwenye foleni hasomi juu, anasoma kiasi. Dawa ni moja: angalia salio kwenye menyu, usiliamini la kwenye meseji. Ndiyo sababu ya mhudumu wa pampu ya Morogoro.

Na ile meseji maarufu ya matapeli, "ile hela itume kwenye namba hii," haimlengi mjinga kama watu wanavyosema. Inarushwa kwa maelfu ili imwangukie mmoja ambaye dakika hiyo kweli anasubiri kuelekezwa pa kutuma. Siku ya soko Ruaha Mbuyuni pamejaa watu wa namna hiyo. Meseji ya aina hiyo hupelekwa 15040 pamoja na namba iliyoituma.

Jioni Fuso imejaa, inageuza kurudi Dar. Hela haigeuzi na gari. Iliyobaki kwa mkulima wa gunia 30 inaendelea magharibi: mbegu na dawa Ilula, mchango wa shule wa mtoto aliyeko Makambako, na kiasi kwa kijana wake anayeuza vyombo Tunduma. Safari inaifuata kwa basi.

Siku ya tatu: Kitonga – Ilula – Iringa

Kitonga ni ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, malori yakipanda kwa gia ya kwanza. Mlima unakata mawimbi, na simu iliyokuwa na vijiti vinne inabaki na kimoja. Hapa ndipo pa kueleza kwa nini nyota na reli inafanya kazi pale programu inapogoma.

Ukibonyeza *150*00#, *150*01#, *150*60# au *150*88#, kulingana na mtandao wako, simu haitumii bando. Inapita kwenye njia ile ile nyembamba ambayo mnara na simu huitumia kupeana taarifa za kupiga na kupokea. Inatosha kitochi cha bei chee na mnara wa kizazi cha pili. Mei 12, 2024 mikonga ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipokatika kwa pamoja na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima, somo lilikuwa hilo: anayeijua programu peke yake hajui kutuma hela.

Ubaya wa nyota na reli ni kwamba mazungumzo yake yana muda. Ukichelewa kujibu, au mnara ukiyumba kwenye kona, yanakatika. Swali ni yamekatika hatua gani. Kabla ya namba ya siri, hakuna kilichotokea. Baada ya namba ya siri, huenda muamala umepita na meseji ndiyo iliyochelewa. Aliye na haraka anarudia, na kesho anagundua ametuma mara mbili. Utaratibu ni kuangalia salio, kisha orodha ya miamala ya mwisho, halafu ndipo uamue. Usipopata salio kwa sababu mtandao umelala, subiri. Usirudie kwa kubahatisha.

Mnara nao unakula umeme. Ukikatika, betri zinashika kwa saa kadhaa, halafu jenereta kama ina mafuta. Mnara ukilala, mtaji wa kijiji kizima unafungiwa ndani, hata kama kila mtu ana salio.

Ilula ni nyanya. Zinajazwa kwenye tenga, na tenga haliwezi kusubiri. Simu imeleta faida hapa isiyohitaji menyu yoyote: mkulima anapiga kwa watu wawili au watatu sokoni Dar kabla ya kuchuma, badala ya kulisikia soko kwa mdomo wa dalali mmoja aliyesimama mbele yake na gari. Lakini kuijua bei si kuipata. Nyanya iliyoiva Jumatatu haingojei bei ya Ijumaa. Simu imempa mkulima habari. Chumba cha ubaridi haikumpa. Wanaosema teknolojia imemwondoa dalali hawajafika Ilula: dalali yupo, ila sasa anadanganya kwa kiasi.

Ilula pia inakumbusha tozo. Mwaka 2008 Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini, mwaka mmoja baada ya Kenya, ushindani wa kwanza ulikuwa bahasha iliyokabidhiwa dereva wa basi. Bahasha ilishindwa. Julai 15, 2021 serikali ikaweka tozo kwenye kutuma na kutoa, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya makato ya kampuni, na bahasha ikafufuka. Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000. Julai 2023 ya kutuma ikafutwa. Miaka miwili ya kupanda na kushuka ilionyesha kitu ambacho kila mama wa mwavuli angekisema bure: mkulima wa tenga tano anaihesabu mia, na njia ya zamani ya noti anaijua.

Siku ya nne: Iringa – Mafinga – Makambako – Igurusi

Siku ndefu ya kukaa kwenye kiti. Mafinga mbao, Makambako njia panda ya kwenda Njombe na Songea. Mchango wa shule unaingia Makambako kwa simu na risiti yake ni meseji. Mzazi anashauriwa asiifute, maana mhasibu ataiuliza muhula ujao.

Kwenye vizuizi vya ushuru wa mazao mkusanyaji ameshika mashine ya POS. Mazao yasiyozidi tani moja hayatozwi yakitoka halmashauri moja kwenda nyingine, na mwenye gunia tano za mahindi anayeijua sheria hiyo hupita. Mashine ilikuja kuziba mianya ya stakabadhi za karatasi, na kwa sehemu imeziba: kila risiti inasomeka makao makuu. Lakini mashine inahesabu, haipeleki hela benki. Mkusanyaji anapokea noti, anatoa risiti, na noti zinabaki mfukoni mwake mpaka azipeleke. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimerudia mwaka baada ya mwaka kutaja makusanyo ya POS ambayo hayakufika benki, pamoja na mashine zilizokaa muda mrefu bila kuwasiliana na mfumo. Penye kontrol namba, ambapo mlipaji analipa mwenyewe kwa simu, mwanya huo haupo.

Igurusi ni mchele. Tofauti na nyanya, mpunga unasubiri ghalani, kwa hiyo shida ya hapa ni kuishi wakati unasubiri. Ndipo inapoingia mikopo ya simu. M-Pawa ilianza 2014. Zikafuata huduma zinazojazia muamala pale salio lisipotosha. Hesabu yake isomwe taratibu. Tuseme unakopa 100,000 kwa ada ya 9,000, siku 30. Inaonekana ndogo. Ukiirudia miezi 12 umelipa 108,000, zaidi ya ulichokopa. Na shida kubwa kuliko ada ni kalenda: mkopo ni wa siku 30, mpunga unakaa shambani kama miezi minne. Mkulima anakopa kulipa palizi, siku ya 30 hana kitu, na hela ya kwanza inayoingia kwenye laini, hata kama ni mchango wa msiba aliotumwa kuupeleka, inakatwa juu kwa juu. Wengi hapo huhamia laini nyingine na kuiacha ya kwanza imelala na deni, na kumbukumbu zao za kukopesheka zinalala nayo.

Kilichofaa zaidi ni kile kilichoiga mila iliyokuwepo. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, walikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, halifunguliwi mpaka wote wakutane. M-Koba ya 2019 ilifanya vivyo hivyo kwenye simu: mmoja anaanzisha utoaji, hela haitoki mpaka wenzake waliochaguliwa waidhinishe, na wanakikundi wanapata meseji ya kinachoendelea. Kufuli tatu zimekuwa namba za siri tatu. Udhaifu umehama nao: kina mama wawili wasioona vizuri wakimpa katibu namba zao za siri "awasaidie kubonyeza", sanduku limebaki na funguo zote kwenye mkufu mmoja. Kikundi makini hubadilisha namba za siri kila mhula wa viongozi, na asiyeona vizuri humpa simu mwanawe wa kumzaa, si kiongozi mwenzake.

Siku ya tano: Mbeya – Mlowo – Tunduma

Uyole, Mbeya mjini, Mbalizi, mashamba ya kahawa ya Mbozi, mizani ya Mpemba. Kama kilomita 100 kutoka Mbeya na lami inaishia kwenye foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa Oktoba 2019: anayevuka anagongewa pande zote mbili kwenye jengo moja.

Simu nazo zinavuka bila kugongewa. Ukikaa karibu na mpaka, simu inaweza kujibandika kwenye mnara wa Zambia, na menyu ya nyota na reli ikagoma au makato ya ugenini yakaanza. Ingia kwenye mipangilio, zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, chagua wa Tanzania kwa mkono. Wafanyabiashara wa hapa wana simu mbili hata hivyo, moja kila nchi.

Kijana wa vyombo, mtoto wa mkulima wa Ruaha Mbuyuni, anapokea hela ya baba kwa shilingi, anauza kwa wateja wanaolipa kwacha. Kuhamisha thamani kutoka pochi, yaani akaunti ya hela ya simu, ya Zambia kwenda ya Tanzania kunawezekana kwa njia rasmi. Tigo Pesa ilifungua njia ya kwenda Rwanda tangu 2014, na M-Pesa za Tanzania na Kenya zikaunganishwa 2015. Mtaani Tunduma, hata hivyo, inatawala njia ya watu wawili. Mteja anamkabidhi mshirika wa Nakonde kwacha, au anamtumia kwenye pochi ya Zambia. Mshirika anatuma meseji ya neno moja, "tayari". Mwenzake wa Tunduma anatuma shilingi kwa simu kwenda popote Tanzania. Hakuna hela iliyovuka. Ikifika jioni mmoja ana rundo la kwacha na mwenzake amekauka floti, wanakutana, na noti zinavushwa kwa miguu, hatua mia chache.

Ni njia ya haraka na haina kinga. Kiwango cha kubadilishia kiko kichwani mwa mtoa huduma, risiti hakuna, na kubadilisha fedha bila leseni ya Benki Kuu ni kosa. Tangu Machi 2025 Zambia imeingiza noti mpya, zikiwemo za kwacha 200 na 500, ambazo jicho la mtaani bado linajifunza kuzitambua halisi na bandia. Mwenye mzigo mkubwa apite benki. Anayebadilisha za matumizi ahesabu kwanza kwenye kikokotoo chake mwenyewe, kisha ahesabu noti, na asikubali bunda "lililokwishahesabiwa", kwa maana katikati ya bunda ndipo panapokunjwa noti moja ikaonekana mbili.

Saa 12 jioni mawakala wa barabara ya mpakani wanafunga hesabu. Mmoja wao mtaji wake ni milioni 2. Keshi kwenye droo, 1,130,000. Floti: 412,000, 96,000, 350,000 na 10,000. Jumla 1,998,000. Elfu mbili haipo. Hahesabu upya keshi mara ya tatu. Anafungua kaunta buku na kupanda kutoka mstari wa mwisho, akilinganisha kila kiasi na meseji ya kitochi chenye raba nyekundu, kisha ya bluu. Mstari wa saa 8 mchana, wa mteja aliyeweka, umeandikwa 12,000, na meseji inasema 14,000. Anaichukua namba iliyo kwenye safu ya tatu, anapiga. Inaita.